Niligawa Taa Zangu za Njano

Wale mliokuwa nami wiki jana mliniacha ndani ya mtaro, pikapu imelala ubavu, mitungi kumi na mmoja ya maziwa ya watu ikimwagikia migomba ya baba yangu mdogo, Wamae. Asanteni kwa salamu zenu. Nimetoka mtaroni. Ningebaki humo humo, haya ya wiki hii yasingenipata.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Muriithi. Nina miaka thelathini na minane, nakusanya maziwa ya wakulima wa kilima chetu hapa Mukurweini kwa pikapu ya Pijo niliyoachiwa na marehemu baba, na nampenda Wacera, mshona nguo wa ng'ambo ya bonde. Mengine yote yametokana na hayo.

Mtaro haukuwa kosa langu. Ulikuwa kosa la taa.

"Hiyo gari haioni," Wamae aliniambia asubuhi yake, amesimama katikati ya migomba iliyonuka maziwa lala. "Na mimi ndiye nitakuongelea Jumamosi. Siwezi panda kitu haioni."

"Baba mdogo, Jumamosi tunaenda mchana."

"Na kurudi? Tutarudi na ukungu, nikiwa nimekunywa. Unataka nikufe na koti mpya?"

Koti lenyewe alikuwa amelinunua kwa ajili yangu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wazee wa kwetu walikuwa waende kwa mzee Kihara, baba yake Wacera, kupanda ithigi, lile tawi la kutia alama kwamba msichana wa boma hili ameshaulizwa. Wacera alikuwa amekubali. Mzee Kihara hakuwa amenijua wala kuniona, na neno lake ndilo lililobaki.

Wacera hakunificha. "Baba akisema hapana, Muriithi, mimi siezi pita juu yake. Niko na yeye peke yake."

Kwa hiyo mnaona. Maisha yangu yote yalikuwa yamening'inia kwenye mdomo wa mzee mmoja, na mimi nilikuwa nahangaika na balbu.

Na Wacera mwenyewe hakusaidia. Baada ya ile ajali alinikuta nje ya kanisa, wenzake wa kwaya wamemzunguka, akasema kwa sauti ya kuimba, "Muriithi, hizo taa zako ni za kuona barabara, ama ni za kutuonyesha bado uko hai?"

Kwaya nzima ilicheka, na aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote ni Kingori, sauti ya pili. Kingori hubeba maziwa ya kilima cha ng'ambo kwa pikapu ya Pijo kama yangu. Ni mwanamume wa miaka arobaini ambaye hajaoa na hajakata tamaa. Mkumbukeni.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu, wala Wamae.

Mwezi wa tatu, nikimrudisha Wacera kutoka mazoezi ya kwaya, nilimwambia hivi: "Kila jioni nikifika kona ya mkaratusi, nitakupigia taa mara mbili. Ujue nimekuwaza." Kona ile inatazamana na nyumba yao, bonde tu katikati. Alicheka, akashuka, akaenda zake. Nikajua nimejifanya mjinga.

Jioni iliyofuata, karibu saa moja, nikasimama pale konani nikapiga taa. Mara mbili.

Ng'ambo, balbu ya baraza lao ikazima, ikawaka. Ikazima, ikawaka.

Jamani! Niliimba mpaka nyumbani. Niliimba nikivua viatu. Mama aliniuliza kama nimeokoka.

Tangu siku hiyo, kila jioni, mvua au kiangazi, mimi mara mbili, baraza mara mbili. Hatukuwahi kulitaja jambo lenyewe. Mimi niliogopa kwamba tukilitamka litaharibika, na yeye nilidhani ana haya. Miezi minne mtu mzima nimekuwa nikienda kulala nikitabasamu kwa sababu ya swichi ya mtu.

Basi Alhamisi nikateremsha maziwa kituoni mapema, nikaenda Nyeri mjini kutafuta taa za kuniletea mke.

Duka la Ngendo la spea halina kibao, lakini hakuna dereva asiyelijua. Nilimkuta anakula nduma, miwani imening'inia shingoni.

"Nataka balbu za mbele za Pijo, mama. Nyeupe."

"Za miguu tatu?"

"Za miguu mitatu, zile za pini tatu nyuma. Nyeupe kabisa."

"Nyeupe ya kuona, ama nyeupe ya kuonekana?"

"Kwani kuna tofauti?"

Akaweka nduma kando, akajifuta vidole, akapanga boksi tatu juu ya kaunta. Nilijua nimeuliza swali la kunilaza njaa.

"Hii ni ya kawaida," akaanza. "Kioo safi. Iko na unjano kidogo, lakini mwanga yote inafika barabara. Hii ya pili imepakwa bluu kwa kioo, ndio ikae nyeupe. Lakini hiyo rangi inakula mwanga. Mtu akiwa nje anasema wah, gari hiyo! Wewe uko ndani, unatafuta barabara."

"Na ya tatu?"

"Hii ni LED. Iko na ka-feni huku nyuma. Nyeupe ya kuua. Lakini taa ya Pijo ilitengenezewa balbu ya waya, haikutengenezewa hii. Ukiiweka, mwanga inaruka kila mahali, kwa miti, kwa macho ya watu. Wenye wanakuja mbele watakutukana kutoka hapa mpaka Kenol."

Nikageuza boksi. Ya kwanza iliandikwa elfu tatu na kitu. Ya pili elfu nne na kitu. Ya tatu elfu sita na mia tano.

"Hizi namba?"

"Ni rangi tu. Ikipanda inakuwa nyeupe, ikizidi inakuwa bluu. Sio nguvu. Usidanganywe."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Moyoni nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: nilipokuwa shule, aliyepata sita alimshinda aliyepata tatu.

Ngendo akauliza ninazotumia sasa ziko wapi. Nilikuwa nimezifungua asubuhi hiyo, nikazifunga kwenye leso. Nikazikunjua juu ya kaunta.

Akavaa miwani. Akainua moja kwa ncha za vidole, akiishika chini, kwenye chuma, asiguse kioo.

"Hizi za njano ulitoa wapi?"

"Ni za baba. Alinunua katoni, zamani. Hiyo ni jozi ya mwisho."

"Hizi haziko tena, kijana. Nimetafutia watu mpaka nikachoka." Akazirudisha kwenye leso polepole. "Sikiza. Shida yako sio balbu. Hiyo kioo ya taa imekuwa na ukungu ndani na nje. Fungua, usugue na dawa ya meno. Ile waya ya kufunga kwa bodi imeoza, weka ingine. Halafu urudishe hizi hizi za mzee. Huko kwenu mwezi wa saba ni ukungu tupu, na kwa ukungu hakuna kitu inashinda njano."

Huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote niliowahi kupewa, na nilipewa bure. Nikanyoosha kidole kwenye boksi ya tatu.

"Utarudi," akasema Ngendo.

"Nitarudi kukualika harusi!"

"Utarudi," akasema tena, akaichukua nduma yake.

Nje nikamkuta nani? Kingori. Pikapu yake ilikuwa na taa moja tu, ya pili imeungua tangu Pasaka. Alikuwa amekuja kununua.

"Na hizo za leso unapeleka wapi?" akaniuliza.

"Hizi?" Nikacheka. Nilikuwa na boksi ya elfu sita na mia tano mkononi, nikajiona mkubwa. "Chukua. Chukua zote mbili. Mimi nimetoka huko."

"Kweli? Unanipea?"

"Nimekupa."

Na si kumpa tu. Nilimfungia mwenyewe, kwa mikono yangu hii, pale pale nje ya duka, nikizishika kwa leso ili mafuta ya vidole yasije yakapasua kioo. Muweke hilo akilini mtakapofika mwisho.

"Soketi yako imelegea," nikamwambia. "Kwa mashimo zitakuwa zinapepesa."

"Zipepese tu, ndugu yangu," akasema Kingori. "Bora ziwake."

Jioni ile nikawasha zangu kwa mara ya kwanza.

Niwaambieni ukweli, nilipiga kelele. Ukuta wa jirani ulikuwa mweupe kama siku ulipopakwa chokaa. Ng'ombe akaacha kutafuna. Watoto wakatoka nje wakiruka ndani ya mwanga. Mama yangu, Wakiuru, akaweka mkono usoni akauliza ni nani amekufa. Nikavaa kofia ya Jumapili nikaingia barabarani, nikiendesha polepole sana ili kila mtu aone.

Nilipofika penye bonde, ukungu ukanipokea. Mwanga ukaingia kwenye ukungu ukanirudia wote usoni. Mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe mtupu. Naapa, nilikuwa naonekana mpaka Murang'a, na boneti yangu mwenyewe sioni.

Niliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, nikifuata nyasi za ukingoni, mpaka nikaufikia mkaratusi. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya kichaa. Leo Wacera ataona taa!

Ukungu wa juu ukapasuka kidogo, nyumba ikaonekana. Nikapiga fuli, ile taa ya juu. Mara mbili.

Balbu ya baraza ikazima.

Nikangoja iwake. Haikuwaka.

Nikapiga tena. Taa ya sebuleni kwao nayo ikazima. Nikapiga mara nne, kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango. Taa ya mwisho iliyobaki, ile ya jikoni, ikazima pia, na ng'ambo yote ikawa giza.

Nikapiga simu. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Sikuimba nilipokuwa nikienda nyumbani.

Ijumaa alfajiri nikampitia Wamae nimchukulie maziwa. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, macho mekundu, vibuyu viwili vitupu vya muratina, pombe ya wazee, miguuni.

"Walikuja jana," akasema.

"Nani?"

"Polisi. Gari kubwa, taa nyeupe, ile ya kutoboa macho. Ilikuwa inakuja pole pole hivi, mtu ametoa kichwa nje anatafuta boma. Na mimi niko hapa na muratina yako yote ya kesho, na sina karatasi ya serikali hata moja."

"Ukafanya nini, baba mdogo?"

"Ningefanya nini? Nilimwaga."

"Yote?"

"Kwa migomba."

Migomba ile, wiki hii, imekula na kunywa kuliko ukoo wetu mzima. Lakini wakati ule sikuona cha kucheka. Kwenda kupanda ithigi bila muratina ni kwenda kumtukana mzee wa watu mbele ya nyumba yake.

Wamae akainua kichwa, akaitazama pikapu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Washa taa," akasema.

"Baba mdogo, tuchelewe..."

"Washa."

Nikawasha. Jogoo wawili wakawika. Wamae akavua kofia yake polepole, akaiweka juu ya goti.

"Muriithi."

"Baba mdogo."

"Polisi ni wewe."

Nilitegemea kipigo. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi, halafu akakata ghafla. "Muratina nitatafuta kwa yule mama wa pombe, Phyllis, najua iko, na huyo hawezi ninyima. Lakini sasa sikiza. Ukikuja kunichukua kesho na hiyo kitu, mimi na wazee wote tunabaki. Rudisha zile za baba yako. Leo!"

Nikampigia Kingori. Alishika mara moja, nyuma yake nasikia mitungi ikigongana.

"Kingori, zile taa. Nazihitaji."

"Ulinipea ama ulinikopesha?"

"Nilikupa, lakini..."

"Ndugu yangu, barabara yote sasa naiona. Acha nikaone maisha." Akakata simu.

Mchana ukapita hivyo. Jioni nikaenda konani mapema, kabla giza halijaingia, taa zangu zimezimwa kama mwizi. Sikujua nimeenda kufanya nini. Labda kuiangalia tu ile nyumba na kumwomba msamaha kutoka mbali.

Saa moja hivi nikaona mwanga ng'ambo. Si upande wangu, ng'ambo kwenyewe, kwenye barabara inayopita chini ya boma la mzee Kihara. Mwanga wa njano. Nikaujua hapo hapo, nimekua nao tangu nikiwa mtoto. Zilikuwa taa za baba zikitembea usoni pa pikapu ya Kingori.

Zikafika chini ya lango. Zikapepesa. Mara mbili.

Na balbu ya baraza ikazima, ikawaka. Ikazima, ikawaka. Halafu ikaongeza mara ya tatu, ile ambayo mimi sikuwahi kuongezewa.

Nililia. Siwafichi. Nililia nikiwa nimeshika usukani wa gari la marehemu, nikisema, Wacera, hata siku moja haijaisha! Jana nimekosea taa, leo umepata mwingine!

Halafu nikapata hasira, na hasira ikanifaa kuliko machozi. Nikateremka bondeni na gari. Darajani nikaiacha na kupanda kwa miguu, kwa sababu kuingia boma la baba mkwe na taa za polisi ni kosa la pili. La kwanza nilikuwa nimeshalifanya kwa kuja tu. Kwetu mtu haendi kujionyesha kwa baba wa msichana siku moja kabla ya wazee wake. Nilijua, nikaenda.

Pikapu ya Kingori ilikuwa imesimama kule chini barabarani, mbali kidogo na lango, na nilisikia sauti zikizungumza. Sikuenda huko. Nilipita katikati ya kahawa, nikatokea moja kwa moja mbele ya baraza, tayari kumwuliza Wacera swali langu.

Wacera hakuwepo. Barazani alikuwapo mzee mmoja kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, redio ikisema chini chini, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya swichi.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mtu wa maziwa, mzee." Haukuwa uongo.

"Kaa. Macho yangu imeisha, naona taa na kivuli tu. Wacera ametoka kidogo, atatupikia chai."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Nimemtuma barabara, kuna mtu nataka aletwe." Akacheka peke yake, kicheko cha mtoto. "Uko na dakika, kijana? Wacha nikuambie kitu."

Nikaketi.

"Tangu mama Wacera atuache, mwaka jana, jioni ilikuwa inanimaliza. Msichana yuko jikoni huko nyuma, mimi niko hapa na redio. Halafu mwezi wa tatu, siku moja, mtu huko ng'ambo akanipigia taa. Ya njano. Mara mbili. Nikasema, ati ni mimi? Nikamjibu na hii." Akaigusa swichi. "Kesho yake, tena. Kila siku, kijana. Hata ile siku ya mvua ya mawe. Mtu hanijui, simjui, na ananiambia nilale salama."

Nikaitazama swichi ile.

Miezi minne. Miezi minne nimekuwa nikimtakia baba mkwe usiku mwema! Nyimbo zote zile njiani, tabasamu zote zile kitandani, zilikuwa za mzee Kihara. Nilitaka kucheka, nilitaka kujificha chini ya kiti, na papo hapo nilitaka kumkumbatia.

"Jana hakukuja," akaendelea. "Ilikuja polisi, ikanimulika macho, nikaambia Wacera azime kila kitu hata simu. Nikajua yule mtu amekufa. Sikulala. Na leo, wacha nione taa zile zile, hapa chini kwetu! Nikamwambia Wacera, kimbia, umlete. Nataka nimshike mkono."

"Nasikia kesho uko na wageni, mzee," nikasema.

"Eeh. Watu wa mtu anaitwa Muriithi. Simjui. Msichana anasema ni mzuri, lakini msichana akishapenda atasema nini ingine?" Akainama upande wangu, akapunguza sauti. "Nikuambie ukweli. Kama huyu wa taa angekuwa anatafuta mke, hata mbuzi yake singetaka. Mtu wa kukumbuka mzee hajui, kila jioni, huyo ni mtu."

Moyo uliruka! Nilisimama bila kujua nimesimama. Huyo ni mimi! Sihitaji muratina, sihitaji Wamae, sihitaji koti jipya! Nifungue mdomo tu!

"Mzee," nikasema, "huyo mtu wa taa..."

Mwanga wa njano ukamwagika barazani. Pikapu ilikuwa imeingia langoni. Mzee Kihara akainuka kwa fimbo yake, uso umeng'aa wote.

Wacera akashuka wa kwanza. "Baba, ni Kingori tu. Yule wa kubeba maziwa. Mimi nilidhani ni..." Akaniona. "Muriithi? Unafanya nini hapa leo?"

Redio ikaendelea kusema yake.

"Muriithi?" akasema mzee. "Muriithi gani? Wa kesho?"

"Ni mimi, mzee."

"Na umekaa hapa ukinisikiza, ukijiita mtu wa maziwa?"

Kingori, ambaye hajawahi kukata tamaa, akapanda ngazi mbili, akavua kofia, akampa mzee mkono kwa heshima zote.

"Ni wewe?" mzee akamwuliza, akiushika mkono ule kwa mikono miwili. "Ni wewe umekuwa ukinipigia taa?"

Kingori akanitazama. Akamtazama Wacera. Akatabasamu.

"Taa si ndizo hizo, baba," akasema. "Si unaziona?"

"Ni zangu!" nikapaza sauti. "Mzee, hizo taa ni zangu! Nilimpa jana, Nyeri! Nilimfungia mwenyewe!"

"Ulinipea ama hukunipea?" akauliza Kingori.

Fimbo ikagonga saruji.

"Sitaki kelele kwa baraza ya mama Wacera," akasema mzee Kihara. "Mwenye taa nitamjua sasa hivi. Aniambie kitu moja tu. Huko ng'ambo ni mbali. Alijua aje kama kuna mzee amekaa hapa peke yake? Ni nini ilifanya anikumbuke mimi?"

Kingori akafungua mdomo, akaufunga. Akaanza kuzungusha kofia yake.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa fupi, lilikuwa la kweli, na lingenipa ushindi pale pale: mzee, sikukukumbuka wewe, nilikuwa nampigia binti yako. Na lingemwambia mzee kwamba hakuna aliyewahi kumkumbuka.

Wacera alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Alikuwa ndani ya pikapu siku ile nilipotoa ahadi yangu. Nikatambua kwamba alijua tangu mwanzo. Miezi minne alikuwa jikoni akimsikia baba yake akicheka na swichi, na hakusema neno. Sasa alinitazama, akatikisa kichwa polepole, na sikujua kama ananiambia nisiseme, ama ananiambia nisidanganye.

Mzee akageuza uso wake upande wangu. Mkono wake ulikuwa umerudi juu ya swichi, unangoja.

"Haya, Muriithi," akasema. "Sema."

Nikafungua mdomo. Yaliyotoka humo nitawaambia wiki ijayo.